Probayotiki kwa sato na kambale: maswali ya wafugaji kuhusu kuzuia magonjwa ya bakteria

Ukurasa huu ni kwa wanaofuga sato (perege, au ngege kwa wenzetu wa upande wa Kisumu) na kambale katika mabwawa, matangi na vizimba. Maswali yanaanzia kwenye misingi na kuishia kwenye mambo yenye utata. Kama samaki wako wanakufa leo, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Samaki wameanza kuugua".

## Misingi

Probayotiki ni nini?

Ni vijidudu hai, hasa bakteria na hamira, ambavyo mnyama akipewa kwa kiasi cha kutosha humsaidia kiafya. Maana hiyo iliwekwa na wataalamu wa FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya) mwaka 2001, na ina masharti mawili ambayo mfugaji asiyasahau: viwe hai, na viwe vingi vya kutosha. Pakiti iliyokaa miezi dukani kwenye dirisha linalopigwa na jua imebaki unga tu, hata kama lebo yake inang'aa.

Kwa samaki wa kufugwa hutumika zaidi jamii ya Bacillus (subtilis, licheniformis, pumilus), bakteria wa asidi ya maziwa kama Lactobacillus, Lactococcus na Pediococcus, pamoja na hamira ya Saccharomyces cerevisiae. Matumizi yake kwa samaki yalianza kuandikwa miaka ya 1980 huko Japani. Kwa sato, majaribio mengi yaliyo karibu na mazingira yetu yamefanyika Misri, nchi inayoongoza Afrika kwa ufugaji wa samaki huyo.

Zinazuiaje ugonjwa?

Kwanza ielewe hali ya bwawa. Aeromonas hydrophila, bakteria anayewaletea samaki vidonda vyekundu na tumbo kujaa maji, yumo karibu katika kila bwawa la maji baridi, liwe safi au chafu. Samaki huishi naye kila siku. Ugonjwa hutokea pale idadi ya bakteria inapopanda, au kinga ya samaki inaposhuka, na mara nyingi yote mawili hutokea kwa pamoja baada ya msongamano, oksijeni kupungua au samaki kushikwa ovyo.

Probayotiki huingilia hapo kwa njia kadhaa. Hukalia nafasi kwenye ukuta wa utumbo na kula virutubisho ambavyo bakteria wa ugonjwa angevitumia. Hutoa asidi na kemikali zinazomdhoofisha. Baadhi ya Bacillus huvunja hata viashiria ambavyo bakteria hao hupeana kabla ya kushambulia kwa pamoja. Tena huuzoeza mwili wa samaki kuwa macho: katika majaribio mengi ya sato, samaki waliolishwa probayotiki kwa wiki kadhaa walionekana kuwa na lisozaimu (kimeng'enya cha mwili kinachovunja bakteria) nyingi zaidi na seli nyeupe zenye nguvu zaidi ya kumeza vijidudu, kisha walipoambukizwa Aeromonas kwa makusudi walikufa wachache kuliko wenzao.

Neno la msingi ni hilo: wachache kuliko wenzao. Hakuna probayotiki inayofuta vifo vyote.

Zina tofauti gani na antibiotiki na chanjo?

Antibiotiki huua bakteria, wabaya kwa wazuri, na ni tiba ya ugonjwa uliokwisha kuthibitishwa. Kuwapa samaki wazima kila siku "kwa tahadhari" ni kufuga usugu wa dawa ndani ya maji ambayo watu wanachota na kuoga. Umoja wa Ulaya ulikataza antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, na marufuku ya namna hiyo ndiyo iliyosukuma sana utafiti wa probayotiki.

Chanjo humfundisha samaki kumtambua adui mmoja mahususi, na ikifanikiwa hufanya kazi kubwa sana. Norway ilitumia karibu tani 50 za antibiotiki kwa samaki mwaka 1987. Chanjo za samoni zilipoenea, ndani ya miaka kumi hivi matumizi hayo yakawa yameporomoka hadi kiasi kidogo mno, huku uzalishaji ukipanda. Kwa mfugaji wetu mdogo wa sato, chanjo bado si kitu cha kununua dukani. Probayotiki zinapatikana, ila kinga yake ni ya jumla na ni dhaifu kuliko chanjo nzuri.

Ni magonjwa gani ya bakteria hasa?

Kwa sato na kambale, haya manne ndiyo ya kuyajua. Aeromonas: vidonda vyekundu, mapezi kuliwa, magamba kusimama, tumbo kuvimba. Streptococcus (agalactiae na iniae): macho kutoka nje, samaki kuzunguka kama amelewa, mwili kupinda, hupenda maji ya joto, na mara nyingi huua samaki wakubwa waliokaribia kuvunwa, ndiyo maana hasara yake inauma. Flavobacterium columnare: mabaka meupe au ya njano mgongoni, mdomoni na kwenye matamvua, hasa kwa vifaranga siku chache baada ya kusafirishwa. Edwardsiella: vinundu vyeupe kwenye ini, figo na bandama, ambavyo huvioni mpaka umpasue samaki.

Dalili hizi huingiliana, na vimelea wakubwa, maji mabaya au virusi vinaweza kuleta sura ileile. Macho hayatoshi (tazama swali la maabara hapa chini).

## Kuchagua

Nisome nini kwenye lebo kabla ya kulipa?

Tafuta mambo haya: jina kamili la kijidudu, si "bakteria wazuri" tu, idadi ya chembe hai kwa gramu, ambayo huandikwa kwa herufi CFU, tarehe ya mwisho wa matumizi, joto la kuhifadhia, na kama imetengenezwa kwa ajili ya chakula au kwa ajili ya maji. Lebo ikisema 1×10⁹ CFU kwa gramu, maana yake ni chembe hai bilioni 1 katika kila gramu. Isiyo na jina wala idadi usiinunue, hata muuzaji aape.

Kwa mazingira yetu ya joto, umeme wa kukatika na safari ndefu za bodaboda, napendekeza Bacillus kabla ya Lactobacillus. Bacillus hujifunga ndani ya spora, ganda gumu linalovumilia joto na ukavu kwa muda mrefu. Lactobacillus hawana ganda hilo. Ni wazuri, lakini wanataka ubaridi kuanzia kiwandani mpaka bwawani.

Naweza kutumia za kuku?

Ikiwa kijidudu ni kilekile, mfano Bacillus subtilis, na hakuna dawa nyingine iliyochanganywa humo, inaweza kusaidia. Tatizo ni kwamba bidhaa nyingi za kuku zina vitamini, elektrolaiti (chumvichumvi za mwili) au hata antibiotiki ndani ya pakiti moja, na kipimo chake ni cha maji ya kunywa ya kuku. Yenye antibiotiki iache kabisa.

Vipi mtindi, togwa au hamira ya maandazi?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na ni swali zuri, kwa sababu vitu hivi vipo jikoni kwa kila mtu.

Hamira ndiyo yenye ushahidi. Watafiti wa Abbassa nchini Misri waliwalisha vifaranga wa sato hamira hai ya kuokea, kisha wakawaambukiza Aeromonas hydrophila; matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha ukuaji bora na vifo vichache, na walipendekeza takriban gramu 1 kwa kila kilo ya chakula. Ni kiasi kidogo na bei yake inabebeka. Hakikisha hamira haijaisha muda, na usiitie kwenye uji wa moto.

Mtindi na togwa vina bakteria wa asidi ya maziwa kweli, lakini hujui ni nani wala ni wangapi, na kundi la leo si la kesho. Tena maziwa na sukari vikiingia bwawani huoza na kula oksijeni. Sishauri. Maandalizi ya vijidudu mchanganyiko yanayochachushwa nyumbani kwa molasi nayo yako hivyohivyo: pipa likiingia uchafu, unazalisha usichokijua kisha unakimwaga kwa samaki. Ukilazimika kuchachusha, fuata maelekezo ya mtengenezaji neno kwa neno, na mchanganyiko wenye harufu ya kuoza badala ya uchachu umwage mbali na bwawa.

## Kutumia

Niweke kwenye chakula au kwenye maji?

Kama lengo ni kuzuia ugonjwa, chakula kwanza. Ukimwaga gramu 100 kwenye bwawa la mita za mraba 300, vijidudu hupotea ndani ya maji mengi na wachache sana humfikia samaki. Kwenye chakula wanaingia moja kwa moja utumbo wake.

Za maji zina kazi nyingine: kuvunja tope la kinyesi na mabaki ya chakula, hivyo kupunguza amonia. Nazo huvuta oksijeni zinapofanya kazi. Ziweke asubuhi jua likishatoka, kamwe si jioni, na usiziweke siku ambayo samaki wanapumulia juu ya maji. Ndani ya vizimba vya ziwani, probayotiki za maji hazina maana, maana mkondo unazichukua zote.

Naichanganyaje na chakula?

Tuseme una samaki 1,000 wenye wastani wa gramu 50. Hao ni kilo 50. Ukiwalisha asilimia 4 ya uzito wao, chakula cha siku ni kilo 2. Lebo inasema chembe bilioni 1 kwa gramu na inashauri gramu 5 kwa kilo ya chakula: utahitaji gramu 10 kwa siku, na kila gramu ya chakula itabeba chembe milioni 5. Majaribio mengi ya samaki yapo kati ya milioni 1 na bilioni 1 kwa gramu ya chakula, kwa hiyo umo ndani. Nunua mizani ndogo ya gramu, kijiko hudanganya.

Koroga probayotiki kwenye maji kidogo, kama mililita 50 kwa kila kilo ya chakula. Yawe maji ya kisima au ya mvua. Ya bomba yana klorini inayoua vijidudu, kwa hiyo yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kuyatumia. Nyunyizia chakula huku ukigeuza, kisha rashia mafuta ya kula kidogo, mililita 10 hadi 20 kwa kilo, ili yashikilie unga usioshwe na maji kabla samaki hajameza. Anika kivulini kwa nusu saa. Lisha siku hiyohiyo.

Anayetengeneza chakula mwenyewe huuliza kama anaweza kuitia kabla ya mashine. Mashine ya pelleti (vidonge vya chakula) hupandisha joto, na Lactobacillus na hamira hufa humo. Spora za Bacillus huvumilia zaidi, ila hata hizo ni salama zaidi ukizinyunyizia baada ya pelleti kupoa.

Niwape kwa muda gani? Nikiacha, faida inabaki?

Anza wiki 3 hadi 4 kabla ya kipindi unachokiogopa: msimu wa joto kali, mvua za kwanza zinazoleta tope, au tarehe ya kuhamisha na kupanga samaki kwa ukubwa. Kinga haijengeki kwa siku mbili.

Ukiacha, vijidudu hupungua utumboni ndani ya siku hadi wiki chache, kwa sababu wengi wao hupita tu na hawajengi makazi ya kudumu. Asiye na fedha ya kuwapa mwaka mzima awape vifaranga na awape kwenye vipindi hivyo vya hatari. Hapo ndipo shilingi yake inarudi.

Vifaranga waanze lini?

Mara tu wanapoanza kula chakula cha unga. Utumbo wa kifaranga bado haujajazwa na bakteria wa kudumu, kwa hiyo anayetangulia ana nafasi kubwa ya kukaa. Kama kituo cha kutotolesha kinatumia chakula cha homoni kugeuza vifaranga kuwa madume, spiriti iliyoyeyusha homoni lazima ikauke kabisa kabla ya kuongeza probayotiki, la sivyo inaua vijidudu vyake.

Nihifadhi vipi?

Mahali pakavu, penye giza na baridi, pakiti imefungwa kabisa. Chota kwa kijiko kikavu. Yenye Lactobacillus iweke kwenye friji, si kwenye jokofu la kugandisha, isipokuwa lebo iruhusu.

## Samaki wameanza kuugua

Wanakufa sasa hivi. Nianze probayotiki?

Hapana, si kama tiba. Samaki mgonjwa huacha kula, hivyo chochote kilichomo kwenye chakula hakimfikii. Fanya haya kwanza: simamisha au punguza ulishaji, pima au angalia oksijeni alfajiri, ingiza maji mapya kama unayo, toa mizoga yote na uifukie mbali, usihamishe samaki wala nyavu kwenda bwawa jingine. Kisha wasiliana na afisa uvuvi wa wilaya.

Ukiona karibu wote wamekufa ndani ya usiku mmoja, wakubwa wakitangulia, fikiria oksijeni kabla ya bakteria. Mwaka 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kenya wa Ziwa Victoria walipoteza samaki wengi sana, na upungufu wa oksijeni ndio uliotajwa kuwa chanzo. Hakuna probayotiki ingewaokoa samaki wale.

Sampuli nipeleke vipi maabara?

Peleka samaki wagonjwa walio hai, watano hivi, kwenye mfuko wa maji wenye oksijeni. Aliyekufa jana amejaa bakteria wa kuozesha, naye atapotosha majibu. Ikiwa safari ni ndefu, waweke kwenye mfuko safi juu ya barafu, wasigandishwe, wafike siku hiyohiyo. Taasisi za utafiti wa uvuvi, yaani TAFIRI Mwanza (Tanzania), KMFRI Kisumu (Kenya) na NaFIRRI Jinja (Uganda), pamoja na chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro, ni mahali pa kuanzia kuuliza. Vaa glavu, maana baadhi ya bakteria hawa huwadhuru watu pia: mwaka 2015 huko Singapore watu waliugua vibaya baada ya kula samaki wabichi wa maji baridi waliokuwa na aina moja ya Streptococcus agalactiae.

Daktari wa mifugo ameandika antibiotiki. Nizichanganye na probayotiki?

Usizichanganye kwenye mlo mmoja. Dawa itaua probayotiki uliyoinunua. Maliza dozi yote, kisha anza probayotiki siku inayofuata na uendelee wiki mbili au tatu. Kipindi hicho utumbo umefagiliwa na uko wazi kwa yeyote anayewahi. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zihesabu kuanzia dozi ya mwisho ya antibiotiki, na zifuate.

Chumvi, chokaa na pamanganeti ya potasiamu huwekwa majini, na haziathiri sana probayotiki iliyo ndani ya chakula. Ila za maji zisubiri siku kadhaa baada ya pamanganeti au klorini.

## Hali zenye utata

Nilitumia mwezi mzima na samaki bado waliugua. Kwa nini?

Angalia msongamano kwanza. Bwawa lisilo na mashine ya hewa lenye sato 10 kwa mita ya mraba liko hatarini kila alfajiri, na samaki anayepambana kupumua hana nguvu ya kujenga kinga. Punguza hadi 2 au 3. Kisha angalia uhai wa bidhaa, kipimo, na kama chakula kilikuwa na ukungu. Mwisho, uliza vifaranga walitoka wapi. Wengi huleta ugonjwa wenyewe ndani ya mfuko wa vifaranga wapya waliomwagwa bwawani bila kukaa karantini (kutengwa peke yao) ya wiki mbili.

Zinazuia virusi?

Usizitegemee kwa hilo. Virusi vya tilapia vinavyoitwa TiLV vimegunduliwa kwa sato wa Ziwa Victoria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, na mwishoni mwa mwaka huohuo virusi vya ISKNV vilivamia vizimba vya Ziwa Volta nchini Ghana kwa hasara kubwa. Kinga dhidi ya virusi ni vifaranga safi, karantini na kutohamisha samaki wagonjwa. Kama majibu ya maabara yanasema virusi, okoa fedha ya probayotiki.

Kambale anahitaji kipimo tofauti?

Kipimo ni kilekile. Kambale hupumua hewa ya juu, hivyo huvumilia maji mabaya na wafugaji humjaza sana kwenye matangi. Humo amonia na vidonda vya kuumana hufungua mlango kwa Aeromonas. Mpange kwa ukubwa mara kwa mara, ndipo probayotiki isaidie.

Nitajuaje kama zinanilipa?

Jaribu kwenye bwawa moja na uache jingine linalofanana, lenye vifaranga wa kundi moja, idadi moja na chakula kimoja. Andika vifo vya kila siku, chakula ulichotumia na uzito wa samaki 30 kila wiki mbili. Mwisho linganisha vifo, na kilo za chakula kwa kila kilo ya samaki. Bwawa moja dhidi ya jingine moja ni ushahidi mwembamba. Wafugaji watatu wa kikundi wakifanya hivyo msimu mmoja, mna jibu la kuaminika kuliko tangazo lolote.

Samaki aliyelishwa probayotiki ni salama kwa mlaji?

Ndiyo, kwa aina zilizotajwa juu, wala hakuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Tahadhari moja ni jamii ya Enterococcus: baadhi yake hubeba vinasaba vya usugu wa antibiotiki na wanaweza kuwarithisha bakteria wengine. Chagua bidhaa ambayo mtengenezaji ameandika kwamba imepimwa usugu huo.

Ninafuga mwatiko au kambamiti Pwani. Haya yote yananihusu?

Kuchanganya, kuhifadhi na muda, ndiyo. Adui ndiye anayebadilika: kwenye maji ya chumvi ni jamii ya Vibrio, na vituo vya kutotolesha kambamiti nchini Ecuador vilikuwa vikitumia bakteria wasio na madhara dhidi yao tangu miaka ya 1990. Uliza kama kijidudu unachouziwa hukua kwenye chumvi ya bwawa lako, kwa sababu baadhi ya bidhaa za maji baridi hulala tu zikifika kwenye maji ya bahari. Kama muuzaji hana jibu, ianze ndani ya chakula peke yake, kwenye bwawa moja.